Biti ya meno matano imeniharibia shiti, halafu nikaambiwa tatizo ni mkono wangu

Hii biti ya kuzamishia vichwa vya skrubu niliinunua duka moja la vifaa pale Kariakoo. Kwenye chuma kinene sina ugomvi nayo. Kwenye shiti ya aluminiamu ya milimita 2, na ndiyo kazi niliyomtajia muuzaji kabla sijatoa hela, ni balaa tupu.

Nilikuwa natengeneza vifuniko vya makasha ya umeme. Skrubu za M3, yaani za kipenyo cha milimita 3, kichwa kizame sawasawa na uso wa shiti, mteja akipitisha kidole asikwame popote. Biti ilipogusa tu ikaanza kelele ile ya kukereketa meno. Nainua, naangalia: shimo si duara tena, lina pembepembe, na ukingo umejikunja kama kizibo cha soda. Kichwa cha skrubu kikikaa humo kinaegemea upande, mwanga unapita chini yake.

Wala sikuifanyia pupa. Shiti niliibana juu ya ubao mgumu, drili ya meza ikiwa mwendo wa chini kabisa, na mafuta ya taa nikatia. Bado inaruka. Meno yote matano yamepangwa kwa nafasi sawa, na shiti nyembamba inanesa. Jino moja likiacha alama, linalofuata linadumbukia palepale, mtetemo unazidi kila biti inapozunguka.

Nikarudi dukani na kipande mkononi. Yule kijana wa kaunta hakukishika hata kidogo. Alikisukuma kwa kiwiko huku macho yako kwenye simu, akasema, "Mzee, tatizo ni mkono wako, sio biti." Mbele za watu! Nikamwambia, "Mwanangu, kishike basi ukiangalie." Akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Labda biti yenyewe naionea. Kwenye flati bar (chuma bapa) ya milimita 6 ilikata vizuri, siwezi kuisingizia.

Lakini sikilizeni. Jirani yangu hapa Gerezani aliniazima ya aina nyingine, koni isiyo na meno, imetobolewa tundu moja la kushazari, na ukingo wa hilo tundu ndio unaokata. Shiti ileile, drili ileile. Haikulia. Chipsi zikatoka nyuzi ndefu kupitia lile tundu, shimo likabaki duara, linang'aa, hata tupa sikushika. Nilifurahi mpaka nikamwita msaidizi wangu aje aone. Nikamuuliza jirani kaipata wapi. Dukani kwa yule yule kijana! Zilikuwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wake siku ile ananitukana.

Kwa hiyo ile "sina ugomvi nayo" ya juu naifuta. Nyota moja, na ningeweza nisingetoa hata hiyo. Mkienda, ombeni ya koni yenye tundu, pembe ya digrii 90 kwa skrubu za vipimo vya milimita. Na kama shiti yenu ni nyembamba kuliko kina cha kichwa cha skrubu, msichimbe kabisa kwa biti yoyote: shimo litapanuka, ukingo ubaki mkali kama wembe. Hapo ibonyezeni kwa presi na dai, ile kalibu ya chuma yenye umbo la kichwa cha skrubu, shiti yenyewe izame.

Vifuniko vilivyoharibika nimelipia mimi. Pesa ya biti bado wanayo wao.