Sarafu za Kirumi hapa tao, angalieni picha kabla ya bei

Wale mnapenda vitu vya kale, kuna kaduka ka sarafu Biashara Street, ghorofani juu ya maduka ya vitambaa, mimi nakapa nyota tano bila kufikiria mara mbili. Muuzaji hana haraka, anakuwekea lenzi na taa anakuacha uangalie mpaka uridhike, na hizi za shaba za Kirumi bila hivyo utaona tu kachuma keusi.

Niliyochukua imeandikwa VRBS ROMA, yaani Mji wa Roma, ya enzi ya Kaisari Constantine, zilianza kugongwa mwaka 330 BK, mwaka uleule Constantinople ilizinduliwa. Ni ndogo kuliko shilingi yetu. Mbele kuna Roma, mji wenyewe umechorwa kama mwanamke amevaa kofia ya vita, nyuma mbwa mwitu jike ananyonyesha Romulus na Remus, wale mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma, na juu yake nyota mbili. Sasa waza, Kaisari anajenga mji mkuu mpya mashariki, halafu watu wanaendelea kushika mkononi yule mama wa Roma wanayemjua tangu zamani, kama wanaambiwa jamani hatujawasahau. Na sura ya Kaisari mwenyewe haipo! Sisi Katiba ya 2010 ndiyo ilikataza sura ya mtu kwenye pesa, ndio maana tangu 2018 tuko na twiga, kifaru, simba na ndovu, lakini kwa Warumi uso wa mtawala ulikuwa karibu kila mahali, kwa hivyo hii mimi naipenda sana.

Chini ya mbwa mwitu soma zile herufi ndogo, zinasema iligongwa wapi, TR ni Trier kule Ujerumani, SMAL ni Alexandria, Misri.

Kuna pia GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi, askari wawili na bendera zao za vita katikati, ziko nyingi na bei yake si mbaya, ni nzuri kwa anayeanza.

Kitu kimoja tu sikupenda, kuna trei ya zilizosuguliwa mpaka zinang'aa. Msichukue hizo, ule ukijani na ukahawia umejijenga karne nyingi na ukiutoa mistari ya picha inaisha nao, ni hasara tupu.

Malipo ni M-Pesa, risiti unapewa imeandikwa jina la sarafu. Na kama unatafuta ile ya Kaisari Hadrian yenye Afrika, amechorwa kama mwanamke, amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, wanaweza kukuagizia, lakini hiyo jipange na pesa.