Vitabu vimerudi vyote, maandishi yangu hayakurudi

Naanza na hasira, asije mtu akadhani nimekuja kusifia. Kisomeo changu cha vitabu vya kielektroniki kimenipotezea maandishi ya karibu miaka mitatu kwa muda usiozidi dakika kumi. Aliyeniongoza hatua kwa hatua mpaka nikayafuta kwa kidole changu mwenyewe ni mhudumu wa huduma kwa wateja, na aliniambia mara mbili nisiwe na wasiwasi. Mara mbili. Mazungumzo yetu ninayo, nimeyasoma mpaka nimeyakariri.

Kwanza mjue maandishi yenyewe yalikuwa yapi. Baba yangu alipougua, macho yake yalikuwa yameshachoka, kwa hiyo usiku nilikuwa namsomea. Kisomeo kilitufaa kuliko kitu kingine chochote, maana taa yake inaimulika skrini kutoka kingoni na haikupigi usoni kama ya simu. Unaweza kuipunguza mpaka chumba kikabaki giza na bado ukaona herufi. Baba akisema "rudia hapo", napigia mstari. Akicheka, naandika pembeni kwamba amecheka. Akibisha, na baba alikuwa mbishi kwelikweli, alibishana hata na waandishi waliokufa zamani, naandika alichosema. Niliandika harakaharaka na kwa makosa, kwa kuwa kibodi za skrini hizi ni nzito, unagusa herufi halafu unasubiri ijitokeze. Akipitiwa na usingizi naandika "amelala" pale tulipofika, na kesho yake tunaanzia hapo.

Alifariki mwaka juzi, kama sikosei mwezi mmoja baada ya kumaliza kitabu cha mwisho. Tangu hapo nilikuwa sisomi vile vitabu, nilikuwa nasoma pembeni mwake tu.

Siku kisomeo kilipoganda na mimi nilikuwa nimekosea, nakiri. Nilikiunganisha na kompyuta kwa waya nikakimwagia vitabu kama mia tatu kwa mkupuo mmoja. Sikujua kwamba kila kitabu kinachoingia, kifaa hukipitia neno kwa neno na kukitengenezea faharasa, ili baadaye ukitafuta neno ulipate. Vitabu mia tatu ni mzigo. Chaji ilishuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona na kurasa zikawa zinajikokota. Katikati ya hali hiyo nikafungua kitabu cha baba, nikagusa alama ya maelezo pembeni, kisanduku kikafunguka, na papo hapo kila kitu kikasimama.

Kilibaki hivyo siku mbili. Simu ikiganda na chaji ikaisha, unabaki na kioo cheusi. Wino wa kielektroniki, yaani skrini ya kisomeo, haufanyi hivyo. Ndani ya skrini kuna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme unazisukuma chembe hizo juu au chini, na zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme tena. Ndiyo maana chaji moja hudumu wiki kadhaa, na ndiyo maana ukurasa ule ulibaki wazi mezani kwangu, nikiuona kila nilipopita. Sentensi aliyotaka irudiwe ilikuwa na kivuli cha kijivu, na chini yake kisanduku chenye maneno yangu: "Amecheka mpaka akakohoa. Anasema huyu ni mjomba wako mtupu."

Niliupiga picha kwa simu ili mhudumu aone tatizo, kisha nikafungua chati ya huduma kwa wateja.

Haki yake nampa. Mwanzo alinisaidia. Aliniambia nibonyeze kitufe cha kuwashia na nisikiachie kwa sekunde 40, na kweli kikazima kikawaka. Kilikuwa kizito, kinakwamakwama, lakini kiliwaka na kila kitu kilikuwa bado kimo ndani. Hapo ndipo palikuwa pa kuniokoa. Badala yake akaniambia niingie kwenye mipangilio nikirudishe katika hali ya kiwandani, "kitakuwa chepesi kama kipya, mpendwa mteja". Mimi nikasita. Niliandika hivi, nanukuu: "Na maandishi yangu ya pembeni je? Hayatafutika?" Akajibu: "Usiwe na wasiwasi, kila kitu chako kipo kwenye akaunti yako." Nikauliza tena kwa maneno mengine. Akarudia jibu lile lile.

Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikawa nyeupe, ikawa nyeusi tena, halafu ikatoka picha ya kukaribisha, ikaniuliza nachagua lugha gani.

Vitabu vilirudi. Nilivyonunua vilishuka kutoka kwenye akaunti, na nilivyokuwa nimeviingiza kwa waya nikaviingiza tena, safari hii kumi kumi. Nikafungua kitabu cha baba, nikakipekua kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa safi, kama hakijawahi kusomwa na mtu.

Nilipomrudia, jibu lilikuwa kwamba maelezo ya vitabu alivyoingiza mteja mwenyewe kwa waya hayahifadhiwi kwao. Nikamuuliza mbona aliniambia kila kitu kipo. "Nilimaanisha vitabu." Kisha: "Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?" Nilikuwa bado naandika jibu alipoifunga chati. Baada ya kitambo ukaja ujumbe wa kuniomba nimpe nyota.

Kinachoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye. Kwenye kisomeo changu lipo faili moja la maandishi matupu linalokusanya kila unachopigia mstari na kila unachoandika, pamoja na jina la kitabu, mahali na tarehe. Ni dogo kuliko picha moja ya simu. Chomeka waya, linakili, umemaliza. Kama angeniambia sentensi hiyo moja kabla ya kuniambia nibonyeze, leo nisingekuwa naandika haya. Sentensi moja! Kazi yake ni kukijua kifaa kile, na mimi nilimuuliza waziwazi.

Mtu atasema hayo ni maelezo tu, kitabu si kipo. Hapana. Kitabu kinapatikana kwa yeyote anayekitaka, lakini ulichokiandika pembeni hakipo kwa mtu mwingine duniani. Na makampuni yanalijua hilo. Mwaka 2009 Amazon, kampuni inayouza vitabu na visomeo, ilifuta kutoka mbali, ndani ya visomeo vya watu, nakala za vitabu viwili vya George Orwell zilizokuwa zimeuzwa na mchapishaji asiye na haki ya kuviuza. Pesa walirudishiwa. Mwanafunzi mmoja huko Marekani akashtaki, kwa sababu maelezo yake ya masomo yalibaki yananing'inia bila kitabu cha kuyashikiza. Mwaka 2019 Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka. Wateja walirudishiwa gharama, na aliyekuwa ameandika maelezo ndani ya vitabu vyake akaongezewa dola 25. Yaani walikaa wakakubaliana kwamba maandishi ya pembeni nayo ni mali. Kwangu mimi hata dola hizo sizitaki. Nilitaka nitahadharishwe.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa msinunue. Niliandika hivyo kwenye rasimu ya kwanza, msinunue kabisa, kanunueni vitabu vya karatasi na kalamu ya risasi. Nimeifuta. Ingekuwa uongo, kwa sababu bado nakitumia kila siku, na yale niliyojifunza kwa uchungu yamekifanya kiwe bora mara mbili ya kilivyokuwa.

La kwanza ni faili hilo. Kila mwisho wa wiki nalinakili, na nakala ya wiki iliyopita siifuti. Tafuteni la kwenu liko wapi, kwa kuwa kila aina ya kisomeo ina mahali pake, na vingine vina kitufe cha kuyatuma maelezo kwa baruapepe. Fanyeni leo.

La pili ni intaneti. Changu kinakaa katika hali ya ndegeni muda wote isipokuwa ninapopakua kitabu. Chaji inadumu zaidi, hakuna sasisho linalojiingiza usiku bila idhini yangu, na hakuna mtu wa mbali anayegusa kilichomo.

La tatu ni Calibre, programu ya kompyuta ya bure aliyoianzisha Kovid Goyal mwaka 2006. Inapanga vitabu, inavigeuza kutoka umbo moja kwenda jingine, na inakupa maktaba iliyo kwenye mashine yako mwenyewe. Vitabu visivyo na kufuli ya kidijitali vinaingia humo bila matata. Project Gutenberg peke yake, aliyoianzisha Michael Hart mwaka 1971, ina maelfu kwa maelfu ya vitabu ambavyo muda wake wa hakimiliki umekwisha. Ukipata kitabu cha EPUB, umbo la faili ambalo maneno yake hujipanga upya kufuata skrini, chukua hicho, na PDF iwe ya mwisho kabisa. PDF ni kama picha ya ukurasa mkubwa iliyobanwa ndani ya skrini ndogo, maneno hayajipangi upya ukikuza herufi, na utamaliza macho bure. Ikibidi, kigeuze kisomeo kilale ubavu usome nusu ukurasa kwa wakati mmoja.

Tuliokizoea Kiswahili tuna mtihani wetu wa ziada, nao ni kamusi. Kubonyeza neno ukapata maana yake ndiyo raha kuu ya vifaa hivi kwa anayesoma Kiingereza. Kwenye changu ya Kiswahili haikuwemo, nikaitafuta nikaiweka. Nikabonyeza "walituhifadhia". Halipo. Kamusi inatafuta neno kama lilivyo, wakati kwetu mzizi ni "hifadhi" na umefungwa mbele na nyuma. Ikabidi nizoee kuandika mzizi mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia. Ni usumbufu, ila inafanya kazi. Na ukiona maneno yanakatwa ovyo mwisho wa mstari, fungua kitabu kwenye Calibre uangalie kimeandikiwa lugha gani. Vitabu vyangu kadhaa vya Kiswahili vilikuwa vimewekewa alama ya Kiingereza, na kisomeo kikawa kinayakata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Nilipobadilisha alama ile, vikatulia.

Ukubwa wa herufi nao watu wanauonea haya, sijui kwa nini. Ongezeni. Panueni nafasi kati ya mistari. Nilipokuwa namsomea baba kwa sauti niliweka herufi kubwa kiasi kwamba ukurasa ulibeba aya moja au mbili, na sikuwahi kupoteza mstari hata nilipokuwa nasinzia mwenyewe. Huo ni uwezo ambao karatasi haina, na siwezi kuunyima sifa kwa sababu ya mtu mmoja kwenye chati.

Basi kifaa nikipe nyota nne? Nilikuwa nimeziweka. Halafu nikaukumbuka ule ukurasa wa mipangilio. Onyo lililotokea kabla sijabonyeza lilisema data yote iliyomo itaondolewa, basi. Hakikunipa njia ya kusogeza maandishi yangu kwanza, wakati chenyewe kilikuwa kimeyakusanya vizuri mahali pamoja. Aliyekitengeneza alijua faili lile lipo. Sasa ni tatu. Huduma yao haina nyota yoyote, na ule ujumbe wao wa kuomba nyota sijaujibu hadi leo.

Picha ile niliyompigia mhudumu aone tatizo bado iko kwenye simu. Ndiyo pekee iliyobaki. Jana usiku niliifungua, nikaandika maneno matatu ya ile sentensi kwenye kisanduku cha kutafutia, na kisomeo kikanipeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wake. Nikapigia mstari. Nikaandika tena, herufi moja moja nikiisubiri ijitokeze: "Amecheka mpaka akakohoa. Anasema huyu ni mjomba wako mtupu." Kisha nikachomeka waya, nikafungua faili nione kama limeingia. Limeingia. Kisomeo kimeliwekea tarehe ya jana.