TAHADHARI: "Maswali yaliyovuja" ya UCAT yanayouzwa WhatsApp na Telegram

Wazazi na vijana mnaoomba kusomea udaktari Uingereza, msitume hela kwa wanaouza kifurushi cha PDF wakidai ni UCAT halisi (mtihani wa kuomba nafasi ya udaktari) iliyovuja. Mtihani huu hauna karatasi moja ya kuvuja. Watahiniwa wanaufanya kwenye kompyuta, siku tofauti kati ya Julai na Septemba, katika vituo vya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani.

Ukitumiwa sampuli, ikague. Ukikuta Seti A na Seti B za pembetatu na vidoti, unaulizwa umbo la pembeni ni la seti ipi, hiyo ni Abstract Reasoning, sehemu ya maumbo, na iliondolewa kuanzia 2025. Mtoto atamaliza wiki nzima kwenye maumbo ambayo hayaji. Anayekuahidi "3,000 kati ya 3,600" naye anauza mali ya zamani, kwani jumla ya alama sasa inaishia 2,700. Decision Making, sehemu ya kufanya maamuzi, ni maswali 35 kwa dakika 37. Ukiona 29 kwa dakika 31, funga. Wengine huongeza BMAT, mtihani mwingine wa kuombea udaktari, kama zawadi, na BMAT ilifanyika mara ya mwisho 2023.

Hata maswali yangekuwa mazuri, PDF haifundishi kasi. Quantitative Reasoning, sehemu ya hesabu, ni maswali 36 kwa dakika 26, sekunde kama 43 kila moja, na kikokotoo ni kile cha kwenye skrini. Aliyezoea kikokotoo cha simu hukwama hapo. Mazoezi rasmi, pamoja na mitihani kamili ya majaribio yenye skrini ileile, yapo bure ucat.ac.uk.

Hatari kubwa zaidi ni anayeomba neno la siri la akaunti yako "akuwekee nafasi". UCAT unaifanya mara moja tu kwa mwaka, na mwenye neno lako la siri anaweza kuhamisha au kufuta nafasi yako. Jisajili mwenyewe. Na asikudanganye mtu kwamba atapandisha alama: matokeo unayapata ndani ya saa 24 baada ya mtihani, na vyuo vinayapokea moja kwa moja kutoka UCAT.

Kama umeshalipa, omba muamala urudishwe sasa hivi kabla hajatoa hela. Kenya, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456. Badilisha neno la siri, hakikisha tarehe yako ipo vilevile, kisha hifadhi skrinshoti zenye namba ya muuzaji na uwaandikie UCAT wenyewe.