Handaki la Queensway, Liverpool: Tathmini ya Mtu wa Likoni

Kwa wazee wetu wa Mombasa waliofanya kazi melini na kufika Liverpool, barabara inayopita chini ya maji ilikuwa jambo la kusimuliwa barazani, na baada ya kuipita mwenyewe kwa gari la kukodi naona hawakutia chumvi. Handaki hilo, lililofunguliwa na Mfalme George V mwaka 1934, lina urefu wa zaidi ya kilomita 3 na linaunganisha Liverpool na Birkenhead chini ya Mto Mersey.

Kilichonivutia zaidi ni hewa. Moshi wa magari hauna pa kutokea huko chini, kwa hiyo wajenzi waliweka feni kubwa katika minara iliyosimama kando ya mto, na ule wa George's Dock, uliosanifiwa na Herbert Rowse, ni jengo zuri kiasi kwamba mgeni hawezi kudhani kazi yake ni kupitisha hewa tu.

Njia zake ni nyembamba na zina kona, hivyo asiyezoea aende polepole. Malori mazito hutumia Kingsway, handaki jipya zaidi la mwaka 1971. Ada hulipwa upande wa Birkenhead. Sisi tuliozoea feri ya Likoni, ambako mwenye gari hulipa na mtembea kwa miguu huvuka bure, tutashangaa kwamba huku wa miguu haruhusiwi kabisa. Lakini hakuna kungoja chombo kifike gatini, na kwa hilo pekee ningelipa tena.