Pikapu Iliyoinuliwa: Shokapu Mpya au Stabilaiza Nene?

Pikapu iliyoinuliwa huyumba kwa sababu uzito wake umepanda juu zaidi, na mwenye gari hujiuliza aanze na shokapu au na stabilaiza, yaani fimbo ya chuma inayounganisha upande wa gurudumu la kushoto na la kulia. Shokapu hudhibiti kasi ya mwendo wa springi: gari likipita kwenye tuta, hutulia mapema badala ya kuendelea kunesa. Stabilaiza nene hupunguza kiasi cha bodi kulalia upande kwenye kona ndefu, jambo ambalo shokapu, hata ziwe za bei gani, haziwezi kulifanya zenyewe. Kwa gharama, stabilaiza moja huweza kuwa nafuu kuliko seti ya shokapu nne. Matunzo yake ni bushi (vipande vya mpira vinavyoishikilia) na viungo vyake tu, ilhali shokapu ikivuja mafuta hubadilishwa, tena vyema kwa jozi. Hata hivyo, kwenye mawe na makorongo stabilaiza nene huzuia gurudumu moja kushuka huku la pili likipanda, na tairi likabaki linaning'inia hewani. Kwa hiyo anayeingia porini mara nyingi aanze na shokapu, na wa lami yenye kona nyingi aanze na stabilaiza. Isipokuwa kama shokapu za kiwandani bado zimo tangu gari liinuliwe, kwani huenda ni fupi mno, na hizo ndizo za kushughulikiwa kwanza.