Maporomoko ya kisiwa kinachoelea: nyota tatu, na sababu zangu

Wengi wananunua mchezo huu wa video kwa ajili ya majoka. Mimi nilivutwa na maporomoko ya maji yaliyo kwenye picha ya tangazo: kisiwa kimening'inia angani, mto unamwagika kutoka ukingoni na kuangukia bondeni. Kwa hiyo nyota zangu tatu kati ya tano ni za maporomoko. Majoka wana mashabiki wao.

Tatizo kubwa ni kasi ya maji. Ramani ya mchezo inasema urefu ni mita 300. Kitu kikiachiwa kutoka huko, ukiacha upinzani wa hewa, huchukua karibu sekunde 8 kufika chini. Haya yanafika kwa sekunde 2, muda unaotosha mita 20 tu. Huhitaji kikokotoo kuligundua hilo. Ukisimama bondeni unahisi unatazama kitu kidogo kilicho karibu, wakati kinatakiwa kiwe kikubwa na kiko mbali. Najua nitajibiwa kuwa ni dunia ya kubuni, ina kanuni zake. Sawa, lakini nilipomrusha mhusika wangu kutoka ukingo uleule (alikufa, bila shaka), maji yalimwacha mbali. Dunia moja, kanuni mbili?

Upinde wa mvua nao wameuweka upande wa jua. Ili uuone, jua lazima liwe mgongoni mwako.

Nilichokipenda hasa ni majira ya kiangazi. Mto unapungua, na maji hayafiki chini: yanapasukapasuka njiani, yanakuwa ukungu, upepo unaupeperusha. Nimeona wanunuzi wakilalamika kwamba ni hitilafu ya programu. Siyo. Maporomoko ya Angel kule Venezuela, yenye mita 979, hufanya hivyohivyo maji yanapokuwa machache. Hapo kuna mtu alifanya utafiti wake. Na usiku wa mwezi mpevu ukungu huo unatoa upinde hafifu, karibu mweupe, kama unaoonekana Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, kwenye Mto Zambezi. Inakuwaje wa usiku upatiwe na wa mchana ukosewe? Labda waliotengeneza ni watu wawili wasioongea wao kwa wao.

Pango nyuma ya maji lina sanduku la hazina, kama kawaida ya michezo hii. Ila mwamba wote ni wa aina moja, na pango la namna hiyo hutokea pale mwamba mgumu unapolalia ulio laini: wa chini unalika, wa juu unabaki kama paa. Niagara iko hivyo. Tabaka moja la rangi tofauti lingetosha kunituliza.

Ukiununua, zima muziki kwenye mipangilio kabla hujafika. Zile kwaya zinameza mngurumo wa chini ambao, kwa hedifoni nzuri, unausikia mpaka kifuani. Pitia njia ya juu, usiku. Wakirekebisha kasi ya maji, naongeza nyota ya nne siku hiyohiyo.