Kompresa haina kosa, kosa ni la yule wa kaunta

Nilikaa chini nikiwa nimeamua kuandika msinunue kabisa. Acheni nieleze.

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua kompresa ya hewa, ile mashine ya kupulizia rangi, yenye tangi la lita 50, hapa Nakuru mjini. Mimi ni fundi wa mbao, kibanda changu kiko nyuma ya nyumba huku Kiamunyi, na nilikuwa nimechoka kupaka vanishi kwa brashi. Wiki za kwanza raha tupu. Halafu siku moja, niko katikati ya kabati la mteja, tangi likajaa, mota ikazima kama kawaida, na ilipotakiwa kuwaka tena ikavuma tu bila kuzunguka. Taa za nyumba zikafifia, stima ikakata. Nikainama. Chini ya kile kisanduku cheusi cha swichi hewa inavuja, sssss, haikomi. Siku zote husikika psst moja fupi mota inapozima, basi.

Nikaifunga kwenye bodaboda mpaka dukani. Kijana wa kaunta hakuigusa. Macho kwenye simu: "Madam, mwambie mzee aje mwenyewe. Hizi mashine zinataka mtu anayezielewa."

Mzee! Mzee wangu ni mwalimu wa dini, kwake spana na koleo ni kitu kimoja.

Nikatoa risiti. Akasema nimetumia ekstensheni ndefu, mota imeungua, waranti haihusiki. Ni kweli waya mrefu mwembamba unaua mota, sikatai. Ndiyo sababu yangu naichomeka ukutani moja kwa moja, nikarefusha mpira wa hewa badala ya waya. Angeuliza, ningemwambia. Hakuuliza.

Fundi mmoja wa mtaa wa Shabab, hapahapa Nakuru, alimwaga hewa yote kwanza, akafungua valvu pale hewa inapoingilia tangini, ile inayoizuia isirudi nyuma. Akachokoa kwa ncha ya msumari. Kikatoka kipande cha tepu nyeupe ya mabomba, kidogo kama punje ya mchele. Hicho tu! Valvu ilikuwa haifungi, hewa ya tangi inarudi kwenye pampu, mota inaamka imekabwa koo. Na hiyo tepu nani aliizungusha kwenye nati? Haohao wa dukani, mbele ya macho yangu, wakiniunganishia huku wakipiga domo.

Tangu hapo haijagoma hata siku moja. Kwa hiyo mashine ni nzuri. Nzuri kiasi, tuseme. Kwa magurudumu na kupuliza vumbi inatosha na kubaki, lakini mlango mmoja wa kabati haujaisha presha imeshashuka, nasimama na bunduki ya rangi mkononi nikingoja. Ningejua, ningeuliza inatoa hewa kiasi gani kwa dakika, si tangi lina ukubwa gani. Tena Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, kilichoandikwa kwenye stika hukipati chote. Hilo si kosa la duka. Ila muuzaji angeweza kulisema, badala ya kuulizia mume wangu.

Juzi nikahitaji filta ya hewa. Nikasema haya, wanamtaka mzee, nikamtuma mzee. Walimwita bosi, wakampa kiti, wakamuuzia filta ya pikipiki.